Wimbo Unaousubiri Redioni Huenda Umo Kabatini Mwako

Haipiti wiki dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, bila mtu kuingia na swali: "Mna wimbo fulani?" Anautaja jina, au kama jina limempotea anauimba kidogo, na wengine wanapiga mluzi ule mstari wa gitaa la solo mpaka mwisho. Halafu anaeleza kilichomleta. Ameusubiri redioni miaka. Kipindi cha zilipendwa kikianza anasogea karibu, ujumbe ametuma, simu amepiga ikaita mpaka ikakata. Zinazopigwa ni zilezile anazozijua kila mtu. Wa kwake haujapigwa hata siku moja.

Sisi hatuuzi nyimbo. Kazi yetu ni kuhamisha kaseti za watu kwenda kwenye flashi, memori kadi au simu. Kwa hiyo na sisi tunamrudishia swali: "Nyumbani kwenu hakuna kaseti za zamani?" Wengi wanasema hazipo, zilishatupwa. Baada ya siku mbili tatu wanarudi na mfuko.

Tunaandika haya kwa ajili ya watu hao, na kwa wale ambao mfuko wao bado uko juu ya kabati.

Anza na kwa nini wimbo wako haupigwi, maana wateja wengi wanadhani mtangazaji anawadharau. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi ikitaka kusikika nchi nzima ilikwenda Dar kurekodi studio ya RTD. Mashairi yalipitiwa kwanza, yakikubalika nyimbo zinapigwa zote siku hiyo kwenye utepe mkubwa, na utepe ule unabaki kwenye rafu za redio. Bendi zetu za Tanga, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, nazo zilipita njia hiyohiyo. Baadhi ya nyimbo zilitolewa kwenye santuri, nyingi zikitengenezwa Kenya, lakini zilizobaki rafuni zilikuwa nyingi. Rekodi ile ilikuwa ya kutangazwa, haikuwa ya kuuzwa. Msikilizaji aliyeupenda wimbo uliobaki rafuni hakuwa na duka la kwenda kuununua. Alisubiri.

Ndipo zikaja kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako, wimbo unaouomba, na orodha ya unaowasalimu: baba mdogo wa Korogwe, shangazi wa Muheza, wafanyakazi wote wa zamu ya usiku. Wenye wagonjwa hospitalini walikuwa na kipindi chao. Kenya nako salamu zilishika moto mpaka watu wakaunda vyama vya watuma salamu, wanajuana kwa majina ya redioni kabla hawajaonana uso kwa uso.

Piga hesabu tu. Kipindi cha nusu saa. Wimbo wa dansi unakwenda dakika tano, sita. Majina kwenye kadi moja yanafika kumi na zaidi, na kila jina lazima lisomwe, maana ndilo alilolipia mtu. Hapo nyimbo nne zikipita ni bahati, na kadi zinatoka nchi nzima. Na hata siku kadi yako ikisomwa, ukaruka kwenye kiti kwa furaha, wimbo unaingia, maneno yanakwisha, magitaa yanaanza kupanda kwenye chemko, mahali penyewe ulipokuwa unapangoja, mtangazaji anashusha sauti kwa sababu saa ya taarifa ya habari imefika. Tuna kaseti nyingi zinazoishia hapohapo. Unasikia solo likitoa pumzi mbili tatu, halafu "Hii ni Radio Tanzania".

Leo redio ni nyingi, na kuomba wimbo ni kugusa simu. Tatizo limehamia kwingine. Vituo vingi vinapanga nyimbo mapema kwenye kompyuta, na kati ya wimbo na wimbo yamo matangazo yanayolipa mishahara. Zaidi ya hayo, rekodi za RTD zilirithiwa na TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania. Kijana wa FM unayemtumia ujumbe, mara nyingi wimbo huo hana, na hajawahi kuusikia. Msimkasirikie. Anapiga alicho nacho.

Ila wazazi wetu hawakukaa tu. Redio kaseti ilipoingia majumbani, msikilizaji kwa mara ya kwanza alipata namna ya kuchagua. Unaweka kaseti tupu, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha kupiga na chekundu cha kurekodi, kisha kidole kinakaa kwenye cha kusimamisha kwa muda (pause). Unasubiri. Wimbo usioutaka unaupitisha. Ukisikia mpigo wa kwanza wa ule unaoutaka, unaachia kidole. Ndiyo maana nyimbo nyingi kwenye kaseti hizi zimekosa sekunde mbili za mwanzo, au zimeanza na neno la mwisho la mtangazaji. Jioni kwa jioni, wiki kwa wiki, upande A unajaa. Kwa maoni yetu hicho ni kipindi cha redio kamili, kilichopangwa na mtu mmoja, na nakala yake ni moja tu duniani.

Kwa sababu hiyo mtu anapotuambia "nimeupata mtandaoni, kaseti sina haja nayo tena", tunamwomba asiitupe. Alichokipata mtandaoni mara nyingi ni rekodi nyingine: bendi ileile imerudia wimbo baadaye, au santuri iliyofupishwa. Kaseti ya baba yako inaweza kuwa na ile ya RTD yenyewe.

Somo moja tulilipata kwa gharama, na tunalisema ili mteja ajue tumejifunza nini. Miaka ya mwanzo ya kazi hii alikuja bibi mmoja na kaseti kumi na moja kwenye kopo la biskuti. Zilirekodiwa na marehemu mumewe. Mzee hakuwa na redio kaseti inayorekodi yenyewe kwa ndani. Alikuwa na redio ya kawaida, na kinasa sauti alikiazima kwa jirani, akakiweka mbele ya spika. Kwa hiyo pamoja na taarabu kiliingia kila kilichokuwa uani: sufuria, mlango, mtoto anayeambiwa anyamaze, na jogoo. Mimi kwa kutaka kumpendeza nikakaa na kompyuta usiku kucha nikaondoa kelele zote. Nikajiona nimefanya kazi nzuri. Bibi akavaa hedifoni, akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, akazivua.

"Mwanangu, jogoo yuko wapi?"

Nikamwambia bibi, nimeondoa kelele.

"Yule jogoo alikuwa wetu. Na yule anayesema 'shii' ndiye mwenyewe."

Kwa bahati kaseti zilikuwa bado zipo salama. Nilianza upya siku hiyohiyo, bila malipo. Tangu hapo kila kaseti tunaihamisha kwanza kama ilivyo, na faili hilo la kwanza unapewa hata kama hukuliomba. Usafishaji wa sauti unafanyika pembeni, kwenye nakala, na tunakuuliza kabla.

Sasa hali ya kaseti zenyewe. Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, na humu Tanga unaishi kwenye joto na unyevu wa bahari mwaka mzima. Ukiona kwenye kidirisha unga mweupe kingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu. Usiipige. Kuvu inaganda, mzunguko mmoja wa utepe unang'ang'ania mwingine, redio ikivuta unakatika. Tena vumbi lake linabaki kwenye mashine na kuingia kaseti inayofuata. Kuna kijana wa Pongwe aliyejaribu kaseti ya mama yake kwenye redio aliyoinunua mtumba ili aone kama inafaa kuletwa kwetu. Redio iliitafuna. Tulipokea kitu kama tambi kwenye bahasha. Tuliunyoosha kwa vidole na kuunganisha vipande, ikachukua siku tatu, na dakika nne hivi hazikuokoka.

Mara nyingi kasoro ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Kaseti isiyotoa sauti kabisa, au inayotoa kwa mbali, huenda imedondosha kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoubana utepe kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe. Gundi yake hukauka. Tunachukua cha kaseti nyingine isiyo na kazi. Kaseti inayosikika kama mtu anaimba ndani ya blanketi mara nyingi ilirekodiwa kwenye redio ambayo hedi yake ilikaa upande kidogo. Kando ya hedi ya deki yetu kuna skrubu ndogo. Tunaizungusha kidogo kidogo huku masikio yetu yakiwa kwenye manyanga. Manyanga yakianza kulia wazi, hapo ndipo penyewe. Kila kaseti ina pahali pake, na kila ikiisha tunairudisha skrubu.

Ya betri ndiyo inayowashangaza wateja. Zamani vijijini betri zilianikwa juani zipate nguvu ya kumalizia wiki. Redio yenye betri zilizochoka inazungusha utepe polepole, na kilichorekodiwa polepole ukikipiga kwenye mashine yenye umeme kamili kinakimbia. Mwimbaji mtu mzima anakuwa na sauti ya mtoto wa darasa la pili. Watu wanadhani kaseti imeharibika. Haijaharibika, na kwenye kompyuta inarudi sawa, ila si kwa kubonyeza mara moja: betri zilikuwa zinakwisha kadiri kipindi kinavyoendelea, kwa hiyo mwanzo wa upande uko sawa, katikati umepanda kidogo, mwisho unakimbia kabisa. Tunafuata sauti ya mtangazaji ambaye tunamjua anavyoongea, tunashusha wimbo kwa wimbo.

Ukitaka kutuletea, fanya haya. Usizipige kwanza. Usizirudishe nyuma kwenye redio ya zamani. Mpira wa ndani ya redio hiyo umeshakuwa mgumu. Ukitaka kujua kama utepe unazunguka, ingiza kalamu kwenye tundu na uzungushe mizunguko miwili kwa mkono, ukiona unakataa acha. Usizifute kwa maji wala spiriti, hiyo spiriti ni ya mashine. Zifunge kwenye gazeti kavu, zisikae kwenye dashibodi ya gari wala karibu na spika kubwa, maana ndani ya spika mna sumaku. Na kama kuna maandishi ya baba au mama kwenye lebo, yapige picha kabla wino haujafutika. Orodha ile ya majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino, na mishale inayoonyesha "upande wa pili", inatusaidia sana, kwa sababu mwenyewe ndiye aliyejua alichokirekodi.

Kazi haiwezi kuharakishwa. Kaseti ya C90 ni dakika 45 kila upande, na sisi tunakaa nayo dakika zote 90, ndipo kusafisha na kukata nyimbo kunaanza. Kaseti safi tunatoza shilingi 5,000. Yenye kuvu, iliyokatika au ya kubadilishwa ganda ni 8,000. Zikizidi kumi tunazungumza. Faili la kama ilivyo ni zito, kama megabaiti 10 kwa kila dakika, hivyo C90 moja inafika megabaiti 900 na zaidi. La kusikiliza kwenye simu tunalipunguza mpaka kama megabaiti 90. Flashi ya GB 8 inatosha kaseti saba za C90, kila moja na faili zake zote mbili. Kaseti zako unarudishiwa zote, hata zilizoshindikana, na iliyoshindikana hatuitozi.

Yapo tusiyoyaweza. Kilichofutwa kwa kurekodiwa juu yake hatukirudishi. Wimbo uliokatwa na taarifa ya habari utabaki umekatwa. Na tunaombwa sana, tena kwa upole, tumpe mteja huyu wimbo uliomo kwenye kaseti ya mteja yule. Hatufanyi hivyo. Kaseti ina mwenyewe, na wimbo nao una wenyewe, wanamuziki na familia zao. Tunachoweza ni kumpigia mwenye kaseti na kumwuliza kama yuko radhi kukutana nawe. Mara mbili wamekutana hapa hapa dukani kwenye benchi, wazee wawili wasiojuana, wakakuta walikuwa wanangoja kipindi kimoja miaka ileile, mmoja Pangani na mwingine Lushoto.

Walio Dar, Moshi au Mombasa wanaweza kutuma kwa basi: andika jina, namba ya simu na idadi ya kaseti juu ya boksi, na upige picha ya risiti ya mzigo. Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili tumefunga. Mwezi huu foleni ni ya wiki mbili, isipokuwa zenye kuvu. Hizo zikifika tunazitenga na kuanza nazo siku hiyohiyo.