Kabla ya mnada, tuacheni tupige picha

Mhariri,

Mimi ni mmoja wa wale watu mnaowaona kando ya Lang'ata Road wameelekeza kamera upande wa uwanja wa ndege wa Wilson, na si ati tunangoja ndege iruke, zinazoruka hata simu inazitosha, sisi tunatafuta zile zilizokufa. Zile za huko nyuma kwa majani, tairi hazina upepo, injini zimeng'olewa, vioo vimeingia ukungu.

Kila baada ya muda mamlaka ya viwanja hutoa notisi, mwenye ndege namba fulani aje aiondoe na alipe deni la kuegesha, la sivyo mnada. Hapo sina neno, deni ni deni. Shida ni kwamba ikishachukuliwa na watu wa skrapu inakatwakatwa, na ukiuliza nani ana picha yake watu wanaangaliana.

Mwenye hajawahi kuona ndege kuukuu kwa karibu hajui anakosa nini. Asubuhi jua likiipiga kwa ubavu, rangi ya juu imeshapauka, unaanza kuona herufi za chini yake, jina la kampuni ya kwanza, juu yake la pili, saa zingine bendera ya nchi ingine kabisa imefichwa na rangi nyeupe iliyopakwa haraka haraka. Njoo saa sita uone, huoni kitu, ni bati jeupe tu. Halafu mara nyingi karibu na mlango kuna kibati kidogo chenye namba ya kiwandani, na hiyo haibadiliki hata ndege ikiuzwa mara kumi, ukiipata vizuri kwa picha unaweza kufuata maisha yake yote.

Na msiniambie ni vyuma tu. East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ilipovunjika 1977, ndege zake nne za abiria aina ya Super VC10 ziliishia jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujaza ndege zingine mafuta huko huko angani, na za mwisho zikastaafu 2013. Mojawapo ni 5H-MOG, usajili wa Tanzania jamani, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, ikatua Dunsfold huko Uingereza na jumba la makumbusho la Brooklands likaichukua. Picha zake zimejaa intaneti. Za kwetu je? Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambako kuanzia 1989 ndege zilikuwa zinapeleka chakula cha msaada Sudan, mabaki yamelala juani, na nani amekaa akayapiga moja moja?

Uwanja mmoja niliandika barua kuomba ruhusa, nikatumwa ofisi ingine, hiyo ingine ikanirudisha kwa ya kwanza, mwisho nikaambiwa ni mambo ya usalama. Usalama naelewa, lakini ndege yenyewe haina injini na mti umeota katikati ya bawa, itamtoroka nani?

Tunachoomba ni kidogo, notisi ikishatoka mtupe Jumamosi moja, asubuhi, tulipe kiingilio, tuvae zile koti za kung'aa, askari atutembeze. Kupanda juu hakuna, bati likichanika ni wembe, na nyuki wanapenda sana mabawa matupu. Droni pia tutaacha nyumbani.

Na nyinyi wa skrapu, tafadhali msianze kukata na mkia, namba ya usajili mara nyingi iko hapo.

Mpenda madege,
Nairobi