Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Wilaya: tupe tarehe mbili, na geti liwe wazi

Ndugu Afisa Michezo,

YAH: UWANJA KUFUNGWA ASUBUHI YA MASHINDANO YA BAISKELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita saa moja na nusu asubuhi, geti la uwanja wa halmashauri lilikuwa na kufuli, na ndani mafundi walikuwa wanafunga jukwaa la tamasha. Utepe uliofungwa Ijumaa jioni ulikuwa umekatwa na kuviringishwa kwenye pipa la taka. Vigingi vilirundikwa nyuma ya choo. Kibali chenye muhuri wa ofisi yako kilikuwepo. Ada ya uwanja, shilingi 50,000, ililipwa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti ilitoka. Mlinzi alikisoma kibali chote, akasifu jinsi muhuri ulivyogongwa vizuri, kisha akasema ameagizwa asifungue.

Nje ya geti walikuwepo washiriki waliotoka vijijini alfajiri, wengine kilomita 30, kwa baiskeli ileile ya kushindania. Ujumbe wa ofisi yako uliingia saa mbili kasoro, ukisema mashindano "yamesogezwa mbele". Mbele hadi lini, haukusema. Tunashukuru hata hivyo kwa kutujulisha kwamba uwanja tuliosimama mlangoni pake umefungwa.

Ndugu Afisa, huenda huko ofisini jambo hili linaonekana dogo. Mbio zimeahirishwa, zitafanyika siku nyingine, kwani kuna nini? Turuhusu tueleze kuna nini.

Mbio zetu si za barabarani. Tuliacha barabara kwa ushauri wa ofisi hiyohiyo, na ushauri ulikuwa wa haki: askari wa usalama barabarani hawatoshi kufunga lami kwa saa tatu huku mabasi na malori yanayokwenda Rusumo yakipita. Ndipo tukachukua mfumo wa saiklokrosi, unaopendwa mno Ubelgiji na Uholanzi na wenye ubingwa wa dunia tangu 1950. Unachora mzunguko mfupi, kilomita 2.5 hadi 3.5, kwenye nyasi, mchanga, tope na kimlima, na unaweka mahali ambapo mtu lazima ashuke aibebe baiskeli begani. Hakuna barabara inayofungwa. Kinachotakiwa ni uwanja, eneo la wazi lililo nyuma yake, na geti lililofunguliwa. Hilo la mwisho hatukudhani ndilo lingekuwa gumu.

Mfumo huu unafaa watu wa kawaida kwa sababu unashindania muda. Tunatangaza dakika 40. Tunampima anayeongoza kwenye mizunguko miwili ya mwanzo. Akitumia dakika 8 kwa mzunguko, jumla itakuwa mizunguko mitano, na ubao unaonyesha iliyobaki. Kengele inapigwa anapoingia mzunguko wa mwisho. Akishamaliza yeye, kila anayevuka mstari nyuma yake amemaliza pia, hata kama ameachwa mizunguko miwili. Kwenye mashindano makubwa ya kimataifa anayekaribia kupitwa mzunguko mzima na anayeongoza huondolewa njiani. Mfanyie hivyo fundi seremala aliyekuja na baiskeli yake ya Phoenix raundi ya kwanza, raundi ya pili humwoni, na majirani zake wawili waliokuwa wanajipanga kuja nao huwaoni.

Mahudhurio ya ligi ya ridhaa yanajengwa hivyo, kwa mtu mmojammoja, na yanabomoka hivyohivyo. Ligi ina raundi sita, na kwa kila mshiriki tunahesabu matokeo yake manne bora. Sababu ni kwamba watu wetu wana pamba, wana minada, wana wagonjwa. Unaweza kukosa raundi mbili na bado ukabaki kwenye msimamo. Sasa ofisi yako ikishafuta raundi mbili, "nne bora" zinakuwa nne zote. Aliyekosa ile ya Juni kwa sababu alikuwa shambani, na aliamini kanuni tuliyoitangaza sisi, anaona jina lake limeshuka chini bila kosa lake. Huyo hatasafiri tena kilomita 30. Na kwa nini asafiri?

Upande wa pili ni waandaaji, ambao hakuna anayewahesabu. Njia ya kilomita 2.5 ukifunga utepe pande zote mbili ni mita 5,000 za utepe. Ukichomeka kigingi kila baada ya mita 5 ni vigingi 1,000. Hatuna mali hiyo. Tunafunga utepe kwenye kona, kwenye makutano ya njia na kwenye mita 150 za kuanzia, ambazo lazima ziwe pana, mita 6, ili kundi litawanyike kabla ya kona ya kwanza. Zikiwa fupi watu wanarundikana na magurudumu yanapinda hata mbio hazijaanza. Kwingine tunachora kwa chokaa ya uwanja wa mpira, na mstari unakaa nusu mita nje ya njia, kwa sababu chokaa ikirushwa na tairi la mbele inaingia machoni mwa anayefuata. Vigingi ni vya mianzi. Nondo haturuhusu hata zikiletwa bure, kwa sababu mtu akiangukia nondo hainuki. Mbao mbili za kuruka zinaachana mita 4. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kimo cha hadi sentimita 40, sisi tunaweka 25, maana Phoenix ina kilo 20 hivi na wengi wanainyanyua wakiwa wamevaa kandambili.

Kazi yote hiyo ni ya watu wanane kwa saa nne, bila posho. Watu wa kujitolea ndio wa kwanza kuisha. Mshiriki aliyekuta kufuli anakasirika, anaweza akarudi. Aliyechomeka vigingi Ijumaa hadi giza likaingia, kisha akavikuta nyuma ya choo, harudi, na akiondoka yeye hakuna wa kusimama kwenye kivuko cha watoto wala wa kuandika namba. Na kuandika namba kunahitaji watu wawili, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anaandika, na simu moja inarekodi mstarini kwa ajili ya rufaa. Ukibaki na mtu mmoja, matokeo yanakosewa. Yakikosewa mara mbili, ligi imekufa.

Kuhusu "kusogezwa mbele", tunaomba mtu wa ofisi yako asimame kwenye ile ardhi nyeusi nyuma ya uwanja baada ya mvua za Novemba. Tope la mbuga linaingia kati ya tairi na madigadi, linajikandika tabaka juu ya tabaka, na baada ya mita mia moja gurudumu halizunguki kabisa. Ukilazimisha pedali, mnyororo unaruka au unakatika. Tope kidogo ni sehemu ya mchezo, na ndiyo maana tunawataka washiriki wavue madigadi na karia nyumbani, wasije kugombea spana moja namba 10 dakika tano kabla ya filimbi. Lakini mbuga ya Novemba haipitiki hata kwa miguu. Ligi yetu ni Juni hadi Septemba. Ndani ya miezi hiyo tunakwepa siku za mnada, tunakwepa Saba Saba na Nane Nane, na siku ya Simba na Yanga hatuthubutu hata zawadi ikiwa ng'ombe. Zinazobaki ni Jumamosi chache. Kuisogeza moja mbele ni kuifuta kwa lugha ya adabu.

Tena kumbuka wanashindana kwa baiskeli gani. Wengi wana moja tu, ndiyo ya maji, ya mkaa, ya kupeleka mtoto zahanati. Gurudumu likipinda Jumamosi, Jumatatu hakuna kazi. Ndiyo maana kila raundi lazima awepo fundi mwenye spoki, tyubu, viraka na solusheni, kwenye eneo moja lililotengwa ambalo njia inapita mara mbili, ili mwenye pancha asitembee mzunguko mzima. Fundi huyo anafunga kibanda chake cha mjini siku nzima kwa ajili yetu. Jumamosi iliyopita alikifunga bure.

Kwenye kikao cha wadau ulisema mahudhurio yanashuka kwa sababu vijana wamehamia kwenye bodaboda. Inawezekana, bodaboda zimechukua wengi, hatubishi. Lakini mwenye bodaboda anajua kesho kijiwe kipo palepale. Sisi tunamwalika mtu mahali ambapo hata sisi hatujui kama tutaingia. Mbio za watoto, dakika 15, ndizo zilizokuwa zinajaza uwanja, maana mtoto mmoja haji bila mama, shangazi na ndoo ya maandazi. Mama aliyegeuzwa getini na watoto watatu, unamtumia tangazo gani safari nyingine akuamini?

Imesemwa pia, pembeni, kwamba ofisi inasita kwa sababu baiskeli ni hatari. Hofu hiyo tunaiheshimu. Agosti 2022 Mkenya Suleiman Kangangi, mwanamichezo wa kulipwa, alifariki kwa kuanguka kwenye mbio za barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, na sote tunaopanda baiskeli ukanda huu tuliumia. Lakini hatari inapanda na kasi. Mzunguko wetu una kona kila baada ya hatua chache, na hauna mteremko mrefu kwa makusudi. Anayeanguka anaanguka kwenye nyasi akienda polepole. Mwenye huduma ya kwanza yupo, na njia ya gari la wagonjwa inaachwa wazi upande wa geti. Geti hilohilo.

Aliyepewa uwanja alilipa kiasi gani, hatujui. Tunakisia ni zaidi ya 50,000. Kama ndivyo, mtuambie wazi bei ya uwanja wa umma siku ya Jumamosi, nasi tujue tunashindana na nani. Huenda pia ni ofisi mbili zisizosemeshana, moja inatoa vibali na nyingine inakodisha jukwaa. Katika hilo hatuna ushahidi, tuna kufuli tu.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli barabarani ulifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika. Kutoka Kanda ya Ziwa Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam. Ulisimama mbele ya vijana hapa wilayani ukasema nao siku moja watavaa jezi ya taifa kwenye jukwaa kama lile. Walipiga makofi sana. Wengi wa waliopiga makofi walikuwa nje ya geti Jumamosi.

Tulikuwa tumeandaa orodha ndefu ya maombi: stoo ya kuhifadhi vigingi, punguzo la ada, tangazo letu kwenye redio ya jamii, mwalimu wa michezo kutoka kila kata. Tumeifuta. Msimu huu zimebaki raundi mbili na Jumamosi mbili za Septemba zisizo na mnada. Tunaomba tarehe hizo mbili kwa maandishi, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri na nakala apewe mlinzi, na funguo tukabidhiwe Ijumaa saa kumi jioni. Kama uwanja umeshachukuliwa siku mojawapo, tuambiwe sasa, siyo saa mbili kasoro asubuhi. Tarehe mbili, Ndugu Afisa. Watu tutawatafuta wenyewe, kijiji kwa kijiji, kama tulivyowapata mwanzo.

Ile 50,000 msihangaike kuirudisha. Ihesabuni kwenye raundi inayofuata.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Kamati ya Waandaaji wa Ligi ya Baiskeli

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Nakala: Mlinzi wa uwanja, zamu ya Jumamosi asubuhi