Plagi nyeusi si hukumu ya kabureta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu matunzo ya pikipiki za zamani. Mwandishi aliwashauri wasomaji kwamba wakifungua plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, na kuikuta nyeusi, wakaze skrubu ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kidogo kidogo mpaka injini itulie, kisha wafunge plagi mpya. Ushauri huo ni rahisi kuufuata, na ndiyo maana unanitia wasiwasi, kwa sababu weusi wa plagi una asili zaidi ya moja, na skrubu aliyoitaja haina mamlaka juu ya sehemu kubwa ya mwendo wa pikipiki.

Kwanza, weusi wenyewe uko wa namna mbili, na kidole kinatosha kuutofautisha. Masizi makavu, yanayofutika kama yale ya kioo cha kandili, hutokana na petroli kuzidi hewa, au na cheche dhaifu isiyoweza kuunguza mchanganyiko ukaisha. Weusi unaong'aa na kuteleza ni wa oili inayopenya kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na huo hautaondoka hata mtu akizungusha skrubu mpaka jioni. (Injini za stroki mbili, ambazo huunguza oili pamoja na petroli, tuziweke kando; kwao utando mwembamba wa oili ni jambo la kawaida.) Plagi yenye afya huwa na kauri (ile sehemu inayozunguka ncha ya katikati) ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nikikuta kauri nyeupe kama chokaa, yenye vipele, huwa naogopa kuliko nikikuta masizi, maana masizi yatanisimamisha njiani tu, ilhali joto lililozidi linaweza kutoboa pistoni.

Pili, makala haikusema plagi isomwe wakati gani. Injini ikiachwa ingurume kwenye sailensa, yaani mwendo wa chini kabisa bila kuvuta mafuta, kwa dakika kadhaa, plagi inaweza kutoka nyeusi hata kama kabureta haina kasoro, kwa kuwa ncha yake haijafikia nyuzijoto 450 hivi za Selsiasi, ambako huanza kujiunguzia masizi yake yenyewe. Anayetaka ushahidi wa kweli afunge plagi safi, aendeshe injini iliyokwisha kupata moto kwenye barabara iliyo wazi huku mkono wa mafuta ukiwa pale pale, kisha abane klachi na kuzima injini kwa mpigo mmoja, bila kuiacha irudi kwenye sailensa. Ikishapoa, aifungue. Rangi atakayoiona ni ya kiwango kile cha mafuta alichokuwa amekivuta.

Kiwango hicho ndicho kiini cha hoja yangu. Katika kabureta ya slaidi (kizibo kinachopanda na kushuka mkono wa mafuta ukivutwa) iliyozoeleka kwenye pikipiki kuukuu, jeti ndogo, yaani kitundu kinachopima petroli, pamoja na skrubu hiyo hutawala sailensa na mwanzo wa kuvuta mafuta, hadi robo hivi; kutoka hapo mpaka robo tatu kazi kubwa ni ya sindano inayoning'inia kwenye slaidi na kijibomba inamoshuka; jeti kubwa huchukua hatamu huko juu. Pikipiki inayotoa moshi mweusi na kukosa nguvu mafuta yakiwa yamevutwa nusu haiwezi kuponywa na skrubu ya sailensa. Tena skrubu zenyewe hazifanani: iliyo upande wa chujio la hewa kwa kawaida hupima hewa, hivyo kuikaza kunaongeza uzito wa mchanganyiko (petroli inazidi hewa), iliyo upande wa injini hupima petroli, hivyo kuikaza kunaupunguza. Makala ilisema "kaza" bila kueleza ni ipi.

Nayasema haya kwa sababu nilikwisha kufanya kosa hilo hilo. Pikipiki yangu ya silinda moja ilikuwa inaua plagi moja baada ya nyingine. Sailensa ilikuwa shwari, lakini nikivuta mafuta theluthi moja inakohoa na kunuka petroli mbichi. Niligeuza skrubu, nikashusha sindano ngazi moja, nikabadilisha jeti kubwa ambayo haikuwa na hatia yoyote. Mwishowe nilikichomoa kile kijibomba cha shaba na kukielekeza kwenye mwanga: tundu lililopaswa kuwa duara lilikuwa limelika upande mmoja na kuwa na umbo la yai, kwa miaka mingi ya sindano kutetemeka ndani yake. Nilibadilisha kijibomba na sindano kwa pamoja, nikarudisha kila kitu nilichokuwa nimekivuruga, na plagi ikatoka kahawia.

Kabla hata ya kufikia kabureta, kuna mambo ya kukaguliwa ambayo hayahitaji ufundi mkubwa: chujio la hewa lililoziba, choki isiyorudi mpaka mwisho, mwanya wa valvu, na kofia ya plagi iliyopasuka au kushika kutu. Cheche inayoonekana plagi ikiwa nje isimdanganye mtu, kwa kuwa ndani ya silinda, chini ya mgandamizo, umeme huhitaji nguvu kubwa zaidi kuuruka mwanya ule ule, na koili (inayozalisha umeme wa cheche) iliyochoka hushindwa huko ndani tu. Kuzibua jeti kwa waya wa chuma nako kukomeshwe, kwani mkwaruzo mdogo hupanua tundu lililopimwa kwa sehemu za milimita.

Neno la mwisho ni juu ya plagi mpya yenyewe, ambayo makala ilisema iwe "ya ukubwa ule ule". Ukubwa wa uzi hautoshi. Namba ya joto, inayoonyesha plagi hupoteza joto kwa kasi gani (ya baridi hulipoteza upesi), nayo lazima ilingane na kitabu cha pikipiki. Kwa plagi za NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo anayehama kutoka chapa moja kwenda nyingine kwa kulinganisha namba tu anaweza kufunga plagi baridi mno, ikaota masizi ndani ya wiki, naye akaishika tena ile skrubu. Naomba mlisahihishe hilo katika toleo lijalo.

Wako,
Msomaji na mwendesha pikipiki kuukuu