Nyoka wako wa kisimani

Pangani, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, ila mvua hainipi nafasi hata ya kuanika kanga. Nakuletea habari ya yule nyoka aliyekutoa mbio kisimani Idi iliyopita, ukaacha ndoo na kandambili. Juzi nimemwona akila!

Minana wamejaa kwenye mnazi ulioinamia kisima. Upepo ukaangusha kiota, yai moja likabaki zima majanini. Nikainama nilitazame, kumbe mwenyewe keshafika. Alilipitishia ulimi huku na huku, kama wewe unavyokagua samaki pale sokoni. Mpwa wangu, yule anayesomea wanyama, anasema yai viza hulijua kwa harufu akaliacha.

Basi akapanua kinywa. Kichwa chake hakifikii upana wa kidole gumba changu, na yai limekizidi! Taya za chini hazikuungana kidevuni, kwa hiyo kila upande unakwenda kivyake. Shingo ikatanuka hadi magamba yakaachana, ngozi nyeupe ikaonekana katikati. Nikasimama hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Yai lilipofika kooni akajipinda, nikasikia "ka!" Meno ya maana hana, kinachopasua yai ni ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza kooni. Ute na kiini vikashuka, uvimbe ukanywea, halafu akapiga kama mwayo, akatema ganda. Limebonyea, limeshikana kwa utando wake, utadhani sambusa iliyokaliwa.

Chakula chake ni mayai ya ndege tu, Mwanaidi. Panya hali, chura hali, wala kifaranga. Wale vifaranga wa jirani tumemsingizia bure, mimi namshuku kicheche. Minana wakimaliza kutaga, hukaa miezi bila kitu tumboni. Funga yake kali kuliko yetu.

Na sumu hana. Ile sauti ya mafuta yanayokaangika uliyoisikia ni magamba yake, anajikunja na kuyasugua ubavu kwa ubavu ili umdhanie kifutu. Nawe ukamdhania kweli!

Lakini usije ukajitia ujasiri, maana kifutu mwenyewe naye yupo. Huyo anataka panya, tena hamfukuzi: hujilaza kimya njiani pake, akimsubiri apite, na mguu wako ukipita kabla ya panya ni balaa. Ndiyo maana nimehamisha gunia la mahindi kutoka uani, na usiku sitoki bila tochi.

Njoo basi mwezi ujao, chumba chako kipo. Ganda nimekuwekea ndani ya kiberiti, juu ya kabati, watoto wasilifikie. Kandambili moja tumeipata, ya pili mbwa kaitafuna.

Wako,
Zuhura