Nimeanza kazi nikiwa na mimba changa: nimwambie bosi lini?

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie mawazo, na wasomaji wenzangu waliopitia jambo hili wasininyime ya kwao. Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja anayesoma darasa la kwanza, na ninaishi hapa Mbeya. Tarehe 2 Februari nilianza kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni inayouza pembejeo za kilimo kwa jumla. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Kazi hii niliisotea sana. Tangu nimalize cheti cha ugavi nilikuwa nasaidia genge la mama, naandika barua za maombi usiku, hakuna aliyejibu. Basi nimeingia kazini, wiki ya pili tu nikagundua nina ujauzito.

Kliniki wamenipima kwa ultrasaundi, wakanipa makisio ya kujifungua tarehe 20 Septemba. Ukirudisha hesabu nyuma, siku naripoti kazini nilikuwa na mimba ya wiki saba bila kujua. Nalitaja hili mapema kwa sababu kwenye usaili mwezi Januari niliulizwa, "Una mpango wa kuzaa hivi karibuni?" Nikajibu sina, na kweli sikuwa nao. Sasa naogopa wakija kujua watasema niliwadanganya. Wifi yangu, ambaye ni mtumishi wa halmashauri na anapenda sana kusoma mambo ya sheria, anasema swali lenyewe halikufaa kuulizwa, maana sheria inakataza ubaguzi wa ujauzito hata kwa mtu anayeomba kazi. Sawa. Lakini mbele ya watu watatu wenye kalamu hukai ukaanza kuwasomea sheria.

Anti, najua utaniambia haki za mama mjamzito zipo. Zipo, nimezisoma. Wifi alinitumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu, nikaipitia jioni baada ya jioni. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Unaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya makisio, au mapema zaidi daktari akiandika kwamba inabidi. Ukishajifungua huruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita mpaka daktari athibitishe uko sawa. Ukirudi, unapewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Mwajiri akikukatalia kurudi baada ya likizo, hiyo inahesabika kuwa amekuachisha kazi. Mambo mazuri yote hayo. Kilichonikosesha usingizi ni tarehe.

Naomba unifuatilie kwenye hesabu hii, kalenda ninayo hapa ukutani. Sheria inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hana haki ya likizo yenye malipo. Mimi nitatimiza miezi sita mwanzoni mwa Agosti. Wiki nne kabla ya makisio ni tarehe 23 Agosti. Hapo napita, tena nashukuru Mungu, maana ningeajiriwa mwezi mmoja baadaye ningekuwa nalia. Nikianza likizo tarehe 23 Agosti nitakuwa nimevuka miezi sita kwa wiki tatu, na siku 84 zitaishia tarehe 14 Novemba.

Sasa angalia upande wa pili. Sheria hiyo hiyo inanitaka nimpe mwajiri taarifa ya likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Miezi mitatu kabla ya 20 Septemba ni tarehe 20 Juni. Na sehemu ya sheria inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo halali, ile inayosema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwondoa mtu, haimhusu aliye chini ya miezi sita kazini. Kwa hiyo natakiwa nijitangaze tarehe 20 Juni wakati ukuta wa kunikinga unajengwa mwanzoni mwa Agosti. Katikati hapo kuna wiki sita ambazo niko uchi. Halafu ndizo wiki za mwisho za majaribio, ambapo wanaweza kuniita na kuniambia tu kwamba hawakuridhika na kazi yangu, asante, kwaheri.

Binamu yangu aliyeolewa Mombasa nilipomweleza alishangaa. Kwao Kenya sheria inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili, haimuulizi mama ameanza kazi lini, na taarifa inayotakiwa ni ya siku saba. Nilimwambia asinitoneshe kidonda.

Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake nyingi ni za Tunduma na kuendelea ng'ambo. Yeye msimamo wake ni mmoja: nyamaza. Nikae kimya mpaka miezi sita itimie, siku inayofuata niingie ofisini na cheti cha daktari na barua ya likizo kwa pamoja. Anasema wataudhika lakini watakuwa wameshachelewa. Nimeisoma sehemu ya likizo ya uzazi mwanzo mpaka mwisho na sijaona palipoandikwa kwamba ukichelewesha taarifa likizo inapotea, kwa hiyo huenda ana hoja. Tena Juni na Julai Mbeya ni baridi, kila mtu stoo anavaa sweta na koti juu yake, tumbo linaweza kufichika. Lakini nikiwa na mimba ya miezi saba, Anti? Mimba ya kwanza nilitoka tumbo mapema kiasi kwamba majirani walijua kabla ya mama mkwe. Na nikivunja mimi kipengele cha taarifa, nitakuwa na uso gani wa kuwadai wao vipengele vingine?

Wifi anapinga vikali. Anasema niandike barua sasa hivi, yenye tarehe, niambatanishe cheti, nibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hoja yake ni kwamba hata kama kinga ya kuachishwa kazi bado hainifikii, katazo la ubaguzi halina masharti ya miezi sita, linamhusu mfanyakazi tangu anapoomba kazi. Wakijua kwa maandishi kwamba nina mimba kisha wakaniondoa, naweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nikalalamikia ubaguzi, na nikishaonyesha dalili zake, mzigo wa kuthibitisha kwamba hawakubagua unakuwa wao. Nikinyamaza wakaniondoa, watasema hatukujua, na itakuwa kweli. Hoja hii inaniingia akilini. Ila nikiwaza kupanda na kushuka ngazi za Tume na tumbo la miezi minane, kwa mshahara ambao umeshakatika, nguvu zinaniishia. Wifi ni mtumishi wa umma, ameshazaa mara tatu kazini na kila mara alirudi akakuta meza yake. Haijui hofu ya majaribio.

Mama yeye anataka niende kwa meneja nimweleze kwa mdomo, mwanamke kwa mwanamke. Meneja wetu kweli ni mwanamke, na ana watoto. Ila aliyekuwa stoo kabla yangu naye alikuwa mwanamke, na wapakiaji wanasema aliondoka akiwa mjamzito. Mmoja anasema aliacha mwenyewe kwa sababu alikuwa anaumwa. Mwingine anasema mkataba uliisha hawakumwongezea. Sijathubutu kuuliza zaidi, kwa sababu mtu mpya akianza kuulizia habari hizo watu wanamtazama tumboni.

Ningekuwa nafanya kazi ya kukaa mezani huenda ningechagua kunyamaza, nikamsikiliza mume wangu. Kinachonivuruga ni stoo yenyewe. Kwetu mbolea inakaa upande wa mlangoni, dawa zinakaa ndani kabisa ambako dirisha ni moja. Msimu huu wa mvua zinatoka sana dawa za ukungu za viazi mviringo, za magugu na za viwavi. Katoni zikishushwa vibaya chupa hupasuka, na wa kwanza kujua ni mimi, kwa sababu lazima niifungue, nihesabu nzima na mbovu, nijaze kadi ya stoo. Wiki iliyopita nilifungua katoni moja, chini yake imelowa, lebo za chupa zimebanduka zimegandana, na zile zilizosomeka zina mstari wa njano. Tunaoshika vitu hivi tunajua: kijani ni nafuu, bluu uwe makini, njano ni sumu, nyekundu usicheze nayo. Glavu ninazo, barakoa ni ile ya kitambaa iliyobaki tangu enzi za Korona. Nilimaliza kuhesabu nikatoka nje nikatapika nyuma ya rundo la mifuko ya urea. Mpakiaji akaniuliza kama nimekula kitu kibaya, nikasema dagaa.

Na mbele kubaya zaidi. Kuanzia Juni mahindi yakivunwa, tunaanza kuuza dawa ya unga ya kuhifadhia, ile ambayo hata mfuko ukiwa mzima mikono inabaki na vumbi. Malori ya mzigo huo mara nyingi huingia usiku, na mtunza stoo ndiye mwenye funguo. Sheria inasema mjamzito asifanyishwe kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, yaani kwangu kuanzia tarehe 20 Julai, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Inasema pia mwajiri asimruhusu mjamzito kufanya kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na ikiwezekana ampe kazi nyingine kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Kazi nyingine ipo! Ofisini mbele kuna meza ya kuandika ankara ambayo aliyeikalia amehamia tawi la Songea, sasa wanapokezana kuishika. Ningeifanya vizuri kabisa, leja naijua.

Lakini kuipata lazima niseme sababu. Muuguzi wa kliniki aliponiuliza kazi yangu ili ajaze kadi, nikamwambia natunza stoo ya dawa za kilimo, aliweka kalamu chini akanitazama. Akasema yuko tayari kumwomba daktari aniandikie barua ya kuhamishwa sehemu ya kazi. Akasema pia barua hiyo itataja ujauzito, haiwezi kuandikwa kwamba nina mafua. Barua hiyo sijaichukua mpaka leo.

Fedha ni hivi, usije ukafikiri nang'ang'ania kwa tamaa. Mshahara ni laki nne na nusu. Mume wangu analipwa kwa safari, na lori likikwama mpakani wiki mbili, nyumbani tunakula kwa mshahara wangu. Mafao ya uzazi ya NSSF siwezi kuyategemea kwa mimba hii, maana yanataka uwe umechangia miezi 36, na mimi mchango wangu wa kwanza ni wa Februari. Nikiachishwa Juni, naingia Septemba sina mshahara, sina likizo, sina mafao, na mwajiri gani ataniajiri nikiwa hivyo? Narudi genge la mama kuuza nyanya na mtoto mgongoni. Genge si aibu, limenisomesha. Ila si nilichosomea.

Ninavyojiona, moyo unanielekeza kuchukua barua ya daktari mapema na kuomba meza ya ankara, kwa sababu ya mtoto. Kichwa kinaniambia nisubiri. Ninachokuomba Anti ni hiki: nikiamua kusema, niseme sasa au nisubiri karibu na 20 Juni, ambapo sheria yenyewe inanilazimisha? Barua ya kuomba kuhamishwa stoo na taarifa ya likizo niziweke pamoja, au ya kwanza izungumzie dawa na afya tu na likizo ije baadaye? Nianze kwa meneja kwa mdomo kama mama anavyotaka, kisha barua ifuate, au maandishi yatangulie? Na kuna aliyewahi kwenda ofisi ya kazi ya mkoa kuuliza tu, bila kufungua shauri, wasimpigie mwajiri wake simu? Kwetu hakuna tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo sina wa kunisindikiza. Mwanasheria yeyote anayesoma hapa, tafadhali niambie kama hesabu yangu ya zile wiki sita ni sahihi au kuna kifungu kimenipita. Ningefurahi sana kuambiwa nimekosea.

Mwisho wa mwezi huu tuna kuhesabu mzigo wote, chupa kwa chupa, siku mbili ndani ya stoo mlango umefungwa. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo nitashukuru. Jina langu naomba usiliandike, na kampuni pia nimeacha kuitaja makusudi, mji huu ni mdogo.

Mtunza stoo,
Mbeya