Tangawizi hakukataa kula

Leeds, Jumapili, 19 Januari 2025

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, simbilisi wangu Tangawizi kaviringishwa taulo mapajani mwangu. Umesema simbilisi wako, yule jike mwenye doa jeupe, amekataa kula tangu jana asubuhi, kidevu kimelowa udenda, na mama mkwe anashauri achinjwe kabla hajakwisha mwili. Ningekupigia, lakini mtandao wenu wa jioni naujua, na haya utataka kuyarudia ukiwa naye mkononi. Naandika usiku huu huu nikutumie kwa simu.

Kabla hujasoma zaidi, mtengenezee uji. Kama duka la mifugo lina chakula cha sungura cha punje, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kilainike kabisa. Kama hakuna, ningefanya hivi: twanga majani mabichi ya mahindi na ukoka kwenye kinu, chuja nyuzi, changanya na pumba kidogo na nyama ya pera lililoiva. Nunua bomba la sindano la mililita moja kwenye duka la dawa, uondoe sindano. Mkalishe mapajani, miguu yote chini, usimlaze chali hata kidogo. Bomba liingie kwa pembeni, kwenye ule mwanya ulio nyuma ya meno ya mbele. Mpe tone, ungoje atafune na kumeza, ndipo umpe jingine. Ukisukuma kwa haraka uji utaingia mapafuni, na hapo utampoteza kwa njia nyingine. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu, usiku nao usiuruke. Tumbo la simbilisi halikuumbwa kukaa tupu. Likisimama, gesi hujaa, ini nalo huanza kujaa mafuta, na akifika hapo hata daktari hana mengi ya kufanya.

Ukishamlisha, rudi usome.

Hilo neno "amekataa" nami nililitumia mwezi wa Oktoba. Tangawizi alikuwa bado anakimbilia bakuli, bado anapiga ile filimbi yao akisikia mlango wa friji. Anachukua kipande cha pilipili hoho, anakigeuza mdomoni, kinaanguka. Anakinusa, anakichukua tena, kinaanguka tena. Halafu anarudi kwenye kona yake na kujikunyata. Nikamwambia Baba Baraka, "Huyu kakinai hoho." Nikambadilishia tango, kesho yake karoti. Siku nne nzima nilihangaika kubadilisha vyakula, kama kwamba shida ilikuwa ladha. Mwenzangu, mnyama aliyekataa chakula hakikimbilii. Huyu alikitaka kwa moyo wote, akashindwa. Tangu siku ile sisemi tena "amekataa", na nakuomba nawe uliache, kwa sababu neno hilo humfanya mtu angoje. Ukisema amekataa, unasubiri njaa imfundishe. Njaa alikuwa nayo tayari.

Na daftari lilikuwa limeshaniambia. Tulikuwa tunampima yeye na mwenzake Karafuu kila Jumapili tukitoka kanisani, kwenye mzani wa jikoni. Yeye alisoma gramu 985, halafu 961, halafu 918. Niliandika tarakimu hizo kwa mkono wangu na sikuzisoma. Bado inaniuma. Gramu 67 kwetu ni kipande cha mkate, lakini kwa mwili wake ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua karibu kilo tano katika wiki mbili. Mnyama anayewindwa huficha maumivu, maana porini anayeonyesha udhaifu ndiye huchukuliwa wa kwanza. Ukiona kwa macho kwamba simbilisi anaumwa, ujue ameumwa muda mrefu.

Daktari wa kwanza alimfunua mdomo, akatazama meno ya mbele, akayapunguza kidogo, akasema yuko sawa. Jumapili iliyofuata mzani ukasoma 842. Tukampeleka kwa daktari mwingine, ambaye wagonjwa wake wengi ni sungura na simbilisi. Huyo alimpa nusu kaputi, akampiga eksirei ya kichwa, akaingiza kifaa chembamba chenye taa mpaka ndani kabisa, kisha akaniita nione picha.

Simbilisi ana meno 20. Manne ndiyo haya ya mbele tunayoyajua. Yaliyobaki 16 ni magego, na huwezi kuyaona kwa kumfunua mdomo, kwa sababu mdomo ni mwembamba na mashavu hujikunja kwa ndani yakaziba njia. Yote 20 huota maisha yake yote bila kukoma, kwa hiyo lazima yasagane kila siku ili yabaki na kimo chake. Magego ya chini yameinamia ndani kuelekea ulimi, ya juu yameinamia nje kuelekea mashavu. Yasiposagika, ya chini hurefuka kutoka pande zote mbili mpaka yakakaribia kukutana juu ya ulimi. Ya Tangawizi yalibakiza nafasi ya kupita njiti ya kiberiti tu. Ulimi ulikuwa umebanwa chini yake kama mtu aliyelala chini ya kitanda: hauwezi kuinuka, hauwezi kusogeza chakula nyuma. Upande wa kulia gego la juu lilikuwa limechimba kidonda shavuni. Ndiyo maana ya udenda, mate yanakosa wa kuyameza. Nayo meno ya mbele kuwa marefu mara nyingi ni matokeo ya hayo magego kuzuia mdomo usifunge sawasawa, hivyo kuyapunguza ya mbele peke yake hakugusi ugonjwa.

Akayasaga kwa kifaa kidogo cha umeme. Hapo nikukanye jambo: mtu asikudanganye kwamba atayakata kwa mkasi wa kucha au koleo. Jino hupasuka kwa urefu mpaka mzizini, jipu la taya hufuata, na usaha wa simbilisi ni mzito, haukamuki kama wa mtu.

Nilidhani akizinduka tu atakula. Hakula. Taya lilikuwa limechoka, shavu bado kidonda. Tulikaa siku tisa za bomba: mililita 60 za uji kwa siku, kidogo kidogo, na meloksikamu ya maumivu kama daktari alivyopima. Baba Baraka alishika zamu ya saa tano usiku, mimi ya saa nane na ya saa kumi na moja. Kila asubuhi tulihesabu vinyesi kwenye kitambaa, maana vikiwa vingi na vikubwa ujue utumbo unatembea. Siku ya tatu vilikuwa sita, vidogo kama mbegu za papai. Nilikaa bafuni nikalia, Mama Neema, sikuona haya, na hata leo sioni.

Karafuu hakuondoka ubavuni pake. Daktari alishauri tusiwatenganishe, kwa kuwa simbilisi akibaki mpweke huweza kuacha kula hata kama meno yake ni mazima. Siku ya saba Karafuu alikuwa anavuta unyasi mmoja mrefu, Tangawizi akaushika ncha ya pili. Wakautafuna mpaka pua zikakaribiana. Nikasikia ile krr krr ndogo. Sauti hiyo nimelala nayo utoto wangu wote jikoni kwa bibi kule Makambako, chini ya uchaga, moto umezimika na wao wanaendelea gizani, na sikuwahi kuisikiliza.

Wale wa bibi walikula nini? Majani ya mahindi, mabua, mabingobingo, magugu ya shambani. Kutwa kucha wanasaga. Nyasi ndani yake zina chembe ngumu zinazolisaga jino, tena ili kuzilainisha lazima taya liende kando na kando kwa saa nyingi. Mimi hapa nilikuwa namjazia bakuli la punje za dukani nikiamini ndicho chakula bora. Punje anazivunja mara mbili tatu, anameza, meno hayajafanya kazi. Wako nao umesema wanakula pumba, makombo ya ugali na kabeji tangu ulipohamishia banda nyuma ya duka. Anzia hapo. Nyasi ziwe nyingi kiasi cha kulalia, mbichi na kavu, na hayo mengine yawe kitoweo tu. Sisemi kwamba kwa bibi ugonjwa huu haukuwapo. Pale waliliwa kabla ya kutimiza mwaka, na mnyama huyu huweza kuishi miaka mitano hata minane. Tangawizi ana minne. Wengine huzaliwa na taya lisilokaa sawa, na hao nyasi peke yake haziwatoshi.

Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wetu usivyoweza. Ikimpungukia, fizi huvuja damu na vinavyoshika jino hulegea. Mapera na hoho za sokoni zinatosha kwa mzima. Kwa huyu mgonjwa ponda ndani ya uji. Usitie vidonge kwenye maji ya kunywa, vitamini huisha nguvu humo na hutajua amekunywa kiasi gani.

Sasa la dawa, na hili naomba ulisome mara mbili. Najua ukienda duka la mifugo ukasema mnyama haumwi tumbo, haharishi, ana kidonda mdomoni, utapewa penisilini. Jirani naye atakuletea amoksilini iliyobaki ya mtoto. USIMPE. Kwa simbilisi dawa za jamii hiyo huua bakteria wema wa tumboni wanaomsagia nyasi, wabaya wakatamalaki na kumwaga sumu, akafa ndani ya siku chache. Ile oksitetrasaikilini ya kuku na ng'ombe nayo ikae mbali. Zipo antibayotiki zinazomfaa, lakini achague daktari anayemjua mnyama huyu. Muulize bwana mifugo kama anaweza kuzungumza kwa simu na madaktari wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro, ambako wana hospitali ya kufundishia ya wanyama. Ni mbali, ila swali linasafiri kwa simu.

Mama mkwe wako simlaumu. Nimelelewa na mchuzi wa simbilisi, na sitakuambia leo kwamba ulikuwa mchuzi mbaya. Uamuzi ni wenu. Ninachoamini ni hiki: kama hakuna wa kumsaga magego, na uji wa usiku umewashinda, basi kumchinja mapema ni huruma kuliko kumwacha afe njaa huku majani yamemzunguka. Ila kama ameshapewa dawa yoyote, nyama isiliwe kabla ya kumuuliza daktari. Na akipona, asipandwe tena na dume, wala watoto wake usiwaweke wa mbegu mpaka uone meno yao yanakaaje, kwa sababu taya baya hurithiwa.

Tangawizi alisagwa tena Alhamisi. Daktari anasema itakuwa kila baada ya wiki sita hivi, pengine maisha yake yote, kwa kuwa magego yakishapinda njia hayarudi yote. Baba Baraka aliniuliza kama tutaweza. Nikamwambia tuangalie wiki sita hizi kwanza. Jumapili iliyopita alikuwa 902, leo 889, hilo la kushuka baada ya nusu kaputi tulilitegemea. Mchana alivuta unyasi mwenyewe, akautafuna nusu.

Mzani wako wa maharage pale dukani unasoma gramu. Mweke kwenye ndoo ndogo, mpime sasa hivi, umpime kesho saa ile ile, kabla ya uji. Nitumie tarakimu zote mbili, na kama unaweza, umpige picha ya kidevu na ya vinyesi vya usiku. Msalimie Baba Neema na mama mkwe, mwambie mjukuu wake wa Leeds anamheshimu hata anapobisha. Kwako ikiwa saa kumi na moja alfajiri, kwangu ni saa nane usiku, na nitakuwa hapa sakafuni na bomba mkononi. Piga, nitapokea.

Wako,
Mama Baraka