Barua ya Wazi kwa Rafiki Aliyepata Uprofesa

Ndugu yangu,

Hongera kwa uprofesa. Nimefurahi kwa dhati, na naomba uliamini hilo kabla hujafika kwenye mengine, kwa maana sijaona mtu aliyekataliwa na wahariri mara nyingi kama wewe na kesho yake akaketi kuandika upya. Nimeipitia orodha yako yote ya machapisho, nikakwama kwenye makala iliyo chini kabisa.

Kazi ile unaikumbuka. Mbu 25 katika kila mrija, karatasi iliyotiwa deltamethrini (dawa ya kuua wadudu), dakika 60 za kukaa na sumu, kisha saa 24 za kusubiri. Jaribio ulilipanga wewe; kuhesabu kulikuwa kwangu, na ubishi wote ulikuwa kwenye kuhesabu. Mbu aliyelala chali akichezesha mguu mmoja ni rahisi kumwita mzima ukiwa na hamu ya kutangaza usugu, yaani kwamba mbu wameizoea dawa na haiwaui tena ipasavyo, ilhali kanuni za Shirika la Afya Duniani zinamhesabu kuwa amekufa asiyeweza kusimama wala kuruka sawasawa. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika, kwa hiyo mbu wachache tu wangeweza kugeuza hitimisho lote. Wewe ulizipokea hesabu zangu bila kuzirudia, na hadi leo hakuna aliyezipinga.

Jina langu lilikuwa la pili tangu rasimu ya kwanza. Usiku wa kutuma mswada nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chako ulipolikata na kulibandika nafasi ya tano, nyuma ya watu watatu ambao hawakuwahi kushika mrija hata mmoja, ukasema bila kugeuka: "Wewe si unaondoka? Hawa ndio nitakaobaki nao." Ukabonyeza kutuma, kisha ukaniuliza kama nimekula.

Nawe ndiye uliyekuwa ukitusimulia kwa uchungu habari za Jocelyn Bell, mwanafunzi aliyeziona ishara za pulsa (nyota zinazotoa mawimbi ya redio kwa mapigo) mwaka 1967, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Yeye angalau, katika makala iliyotangaza ugunduzi huo, jina lake lilikuwa la pili kati ya matano.

Tena hukuwa na cha kupoteza. Kipimo cha h alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, ambacho naona umekiweka juu kabisa ya wasifu wako, huhesabu makala na mara zilizonukuliwa tu: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Hakiulizi nani alikuwa wa pili. Utasema kwamba makala ikinukuliwa, hata wa pili humezwa na yale maneno "na wenzake", na ni kweli, lakini kamati za ufadhili hufungua makala na kusoma majina kwa mpangilio wake.

Sasa una wanafunzi wa uzamivu. Kubaliana nao kwa maandishi, kabla mbu wa kwanza hajaingia mrijani, nani atafanya nini na jina lake litakaa wapi, na mgawo wa kazi ukibadilika, mkubaliane upya wote mkiwepo. Usiwaachie jambo hilo hadi usiku wa kutuma. Wapo wanaosema niliuacha utafiti kwa sababu ya kinyongo. Mimi niliondoka kwa kuwa mkataba ulikwisha, na mtu ambaye makala yake pekee inamwonyesha wa tano hana hoja ya kuombea mwingine. Kufundisha nimekupenda, na sikukimbilia huko kwa kushindwa, hata kama ndivyo ulivyowaambia wenzetu.

Majarida yana utaratibu wa kusahihisha mpangilio wa waandishi hata baada ya makala kuchapishwa, mradi waandishi wote waridhie kwa maandishi. Ombi huanza kwa mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wote, naye ni wewe. Ukiliandika, ridhaa yangu utaipata siku hiyohiyo.